WAYA, ANTENA AU DISHI? Somo la Kuchagua Televisheni ya Nyumbani

Kila aliye na karatasi ya somo aiweke mbele yake, na kalamu pia, kwa maana leo tutasoma na tutafanya hesabu. Somo letu ni la televisheni: jinsi ya kuchagua njia ya kuipata picha nyumbani.

Huenda wengine watacheka na kusema, "Wamekosa kazi hawa, sasa wanatufundisha televisheni." Subirini kidogo. Kila mwaka, mahindi na maharage yakisha kuuzwa, maneno haya huanza. Watoto wanataka katuni. Baba anataka mpira. Mama anataka taarifa ya habari na tamthilia, lakini anakumbuka pia mabati, sare za shule, na mbolea ya msimu ujao. Basi mtu hupanda gari kwenda Sumbawanga, au huvuka mpaka akafika Mbala, akarudi na boksi. Boksi lile laweza kuifurahisha nyumba miaka mingi. Laweza pia kuwekwa juu ya kabati, kimya, kabla mahindi ya mwaka wa pili hayajachanua. Mara nyingi kosa si la boksi. Aliyelinunua hakuuliza mambo mawili: picha itafika kwangu kwa njia gani, na fedha itatoka kwangu mara ngapi?

Tuanze na njia. Ziko tatu: waya, antena na dishi.

Waya, au kebo kama wengi wanavyoiita, tutaipita upesi. Ilianza Marekani mwaka 1948 katika miji midogo iliyozungukwa na milima. Watu wa bondeni walikuwa na televisheni lakini picha haikufika. Wakasimamisha antena moja ndefu juu ya mlima, kisha wakavuta waya kutoka huko hadi nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ikalipa. Hapa Tanzania pia huduma ya namna hiyo imekuwapo katika miji kadha wa kadha. Walakini mwenye waya hutazama kwanza nyumba zilivyokaribiana. Mjini, katika mtaa mmoja, waya wa mita mia huweza kupita nyumba ishirini. Kutoka Matai mpaka Kasesya ni kiasi cha kilomita 50, na sehemu kubwa ya njia ni mashamba. Hakuna mfanyabiashara atakayevuta waya hapo kwa ajili ya televisheni peke yake. Kwa hiyo mtu akikujia na maneno matamu kwamba anauza "kebo" kijijini, mwambie akuonyeshe waya wenyewe. Yamkini anauza dishi na amekosea jina tu, lakini muulize.

Zimebaki antena na dishi. Hapo ndipo penye kazi ya kuchagua.

Antena hupokea mawimbi yanayorushwa na mnara uliosimama juu ya ardhi. Mawimbi hayo husafiri karibu na mstari ulionyooka. Mfano wake ni mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya shamba: kama hakuna kitu kati yenu, utamsikia vizuri, kama kuna kilima, utasikia kidogo au hutasikia kabisa. Tena kadiri unavyokwenda mbali na mnara ndivyo nguvu inavyopungua. Mnara mkubwa uliowekwa mahali pa juu hufika makumi ya kilomita, lakini hauwezi kutoboa mlima. Nanyi mnaijua Ufipa. Kwa mbali huonekana kama meza, lakini ukitembea kwa miguu utakutana na vilima na mabonde mpaka magoti yakuambie. Nyumba mbili za kijiji kimoja, moja juu ya mwinuko na nyingine chini kwenye mto, zaweza kutofautiana kabisa.

Wazee wanakumbuka jinsi televisheni ya zamani ilivyokuwa. Zanzibar walipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, nasi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994 vituo vya kwanza vilipoanza. Siku zile picha ikiwa dhaifu ilijaa chenga, lakini uliweza kumwona mtu, ukamsikia anasema nini. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya mfumo ule wa zamani, yaani analojia, ilianza kuzimwa, Dar es Salaam kwanza na miji mingine baadaye. Sasa tuko katika mfumo wa dijitali. Mfumo huu hauna chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama kioo. Yakipungua chini ya kiasi fulani, picha hukatika vipande vipande, kisha huganda, kisha hupotea. Kwa hiyo msidanganywe na neno "inashika kidogo kidogo". Katika dijitali kushika kidogo ni kama kutoshika.

Ili kujua kama antena itafaa kwako, usimwulize muuzaji aliye Sumbawanga mjini. Yeye anaona picha nzuri dukani kwake, naye hasemi uongo. Lakini duka lake si nyumba yako. Mwulize jirani yako wa karibu mwenye antena, tena mwende mkaone inavyoonyesha saa za jioni. Kama huna jirani wa namna hiyo, mwombe fundi aje na antena yake na king'amuzi chake, apande juu ya paa, ajaribu. Umlipe nauli na jasho lake. Nauli ya fundi ni ndogo kuliko bei ya boksi lisilofanya kazi.

Sasa dishi. Dishi haliutazami mnara wowote wa duniani. Linatazama setilaiti, ambayo ni chombo kilichorushwa angani, kikasimama juu ya mstari wa Ikweta kwa urefu wa kilomita kama 36,000. Kwa nini twasema kimesimama? Hakika kinakwenda mbio sana. Lakini kinaizunguka dunia mara moja kwa siku, nayo dunia hujizungusha mara moja kwa siku, basi kwetu sisi huonekana kama taa iliyotundikwa mahali pamoja. Ndiyo sababu fundi akisha kulielekeza dishi na kulikaza, hapana haja ya kuligeuza tena.

Mmewahi kujiuliza kwa nini madishi ya kijiji kimoja hayatazami upande mmoja? Kampuni zote hazitumii setilaiti moja. Ile ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, maana yake iko juu ya bahari ya upande wa Afrika Magharibi, karibu na kisiwa cha São Tomé. Kwa hiyo hapa Kasesya dishi la Azam hutazama magharibi, kuelekea Ziwa Tanganyika, likipinda kidogo kaskazini. Ile ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, juu ya Kenya, upande wa Nakuru. Dishi lake hutazama kaskazini, likipinda kidogo mashariki, nalo hulala chali zaidi kwa sababu setilaiti ile iko karibu na utosi wetu. Mtu akinunua king'amuzi cha kampuni nyingine akadhani dishi la zamani litafaa vivyo hivyo, hatapata picha mpaka fundi aligeuze.

Faida ya dishi kwa mtu wa Kasesya ni wazi. Setilaiti haijali Kasesya ni mbali kiasi gani kutoka Dar es Salaam, wala haijali vilima. Nyumba ya bondeni na nyumba ya mwinukoni zote zinapata sawasawa, mradi mbele ya dishi pawe wazi. Mti wa mkaratusi ukiwa mbele yake utaziba. Tena fikiri mbele: mti ulio mfupi leo utakuwa mrefu baada ya miaka mitatu, na hapo utamlaumu fundi bure.

Dhara yake ni mvua. Mawimbi ya dishi hupita katika mawingu mazito na matone makubwa, yakapungua nguvu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua kubwa ikinyesha, picha yaweza kupotea dakika kumi au ishirini, kisha ikarudi yenyewe. Usikimbilie kuita fundi wala kupanda juu ya paa linaloteleza. Ngoja mvua ipite. Lakini ikiwa kila wingu dogo likipita picha inakatika, basi dishi halikuelekezwa sawasawa tangu mwanzo, nawe una haki ya kumwita yule aliyelifunga.

Jambo moja linawachanganya wengi. Jina la kampuni halikuambii kama ni antena au dishi. StarTimes wana ving'amuzi vya antena na vya dishi, vyote viwili. Azam walianza na dishi mwaka 2013, na baadaye wakaleta cha antena pia. Boksi zake hufanana. Basi soma maandishi ya nje ya boksi kabla ya kutoa fedha. Tafuta neno "antena" au neno "dishi", na kama huyaoni, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti. Wengine huita king'amuzi, wengine kisimbuzi; chombo ni kile kile.

Haya, sasa fedha. Chukueni kalamu.

Nitatumia bei za mfano, si bei za duka, maana bei hubadilika. Tuseme Bwana Fulani wa Kasesya amenunua king'amuzi, dishi na kazi ya ufundi kwa shilingi 100,000. Akarudi nyumbani amefurahi, akamwambia mkewe, "Nimelipa, yamekwisha." Tuseme kifurushi, yaani malipo ya kutazama, ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Andikeni: 15,000 mara 12. Jibu ni 180,000. Tazameni tena. Malipo ya mwaka mmoja yameshinda bei ya vyombo vyenyewe. Kwa miaka mitatu itakuwa 180,000 mara 3, yaani 540,000. Bwana Fulani alibishana na muuzaji nusu saa nzima ili apunguziwe shilingi 5,000 katika bei ya boksi. Juu ya zile 540,000 hakuuliza hata neno moja.

Tuzipime sasa kwa mahindi. Tuseme gunia moja la mahindi ni shilingi 50,000. Gawanyeni 180,000 kwa 50,000. Mtapata 3, na salio 30,000. Kila mwaka magunia matatu na zaidi ya nusu yatapanda juu ya paa la Bwana Fulani yaingie katika lile dishi. Sisemi ni vibaya. Nyumba nyingine yaweza kumudu, na burudani ni haki ya mtu anayeamka alfajiri. Nasema ahesabu kwanza, na mkewe ahesabu pamoja naye, kwa maana jembe la mama nalo lilikuwamo katika magunia yale.

Mtumishi wa mshahara hupata fedha kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo malipo ya kila mwezi hayamsumbui sana. Mkulima hupata fedha yake kwa msimu. Kampuni inadai kwa mwezi, shamba linalipa kwa mwaka. Mwezi wa Julai shilingi 15,000 ni kitu kidogo. Mwezi wa Desemba, mbolea imekwisha kununuliwa, ghala limepungua, na mtoto anatakiwa arudi shuleni Januari na daftari mpya, shilingi 15,000 ile ile ni mzigo. Hapo king'amuzi huzimwa, na watoto humwona baba kama mtu aliyeshindwa, kumbe ni hesabu tu haikufanywa.

Mimi ningemshauri Bwana Fulani hivi. Kampuni nyingi hazikulazimishi kulipa miezi yote. Usipolipa, chaneli za kulipia hufungwa, na ukilipa tena hufunguliwa. Nyingine huuza hata kifurushi cha juma moja au cha siku moja. Basi alipe Juni mpaka Oktoba, miezi mitano: 15,000 mara 5 ni 75,000. Ukitoa 75,000 katika 180,000 zinabaki 105,000, nazo ni za mbolea. Miezi mingine asikilize redio, ambayo haidai kifurushi. Msidharau redio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili wa nchi hii walikaa katika vikundi wakisikiliza masomo ya redio, wakatoka hapo wakachimba vyoo na kufyeka majani.

Lakini kabla ya kukubali shauri hili, kuna swali moja la lazima, na ningependa kila mmoja aliandike kwa mkono wake: KIFURUSHI KIKIISHA, NI CHANELI ZIPI ZITABAKI? Ulipoanza mfumo wa dijitali hapa nchini, wenye ving'amuzi vya antena walitakiwa na leseni zao kuonyesha vituo vitano vya nyumbani bila malipo ya mwezi, navyo ni TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV. Hii ni faida kubwa ya antena, ikiwa mawimbi yanafika kwako. Mtu asiye na shilingi mwezi huo bado ataona taarifa ya habari. Kwa upande wa dishi mambo hayakuwa hivyo sikuzote. Mwaka 2018 palitokea mzozo wa leseni, na vituo kadhaa vya nyumbani vikaondolewa katika ving'amuzi vya dishi vya kulipia, watu wakashangaa asubuhi hawavioni. Kwa hiyo usitegemee maneno ya mwaka juzi. Uliza leo, kwa king'amuzi unachotaka kukinunua, na ukipata nafasi mwambie muuzaji akionyeshe kikiwa hakijalipiwa.

Uliza pia kile hasa mnachotaka kutazama nyumbani. Nimeona watu wakinunua kifurushi chenye chaneli themanini, wakatazama nne. Kama shida yako ni Simba na Yanga, fahamu kwamba haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziko kwa Azam, kwa mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini mwaka 2021. Kama ni ligi ya Uingereza, kwa miaka mingi imeonyeshwa na SuperSport ya DStv, na mara nyingi si katika kifurushi cha bei ya chini kabisa. Kama ni habari, hotuba za bungeni na nyimbo za injili, huna haja ya kulipia mpira wa mtu mwingine. Na kama unataka mechi kubwa tatu au nne tu kwa mwaka, piga hesabu ya kiingilio cha kibanda umiza. Yawezekana ni nafuu. Ila nawe mwenye king'amuzi usigeuze sebule kuwa kibanda cha kiingilio. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani, na kampuni yaweza kukufungia.

Sasa neno kwa ajili ya watu wa Kasesya hasa, maana nyinyi mko mlangoni mwa nchi. Ng'ambo pale ni Zambia, na Mbala si mbali. Mtu huona king'amuzi kwa bei nzuri huko akakichukua. Kwanza, kama ni cha antena, kimetengenezewa minara ya Zambia, na kadi yake ni ya kampuni ya Zambia. Minara ya Tanzania haikijui. Pili, kama ni cha dishi, picha yaweza kuonekana, kwa kuwa setilaiti haioni mpaka. Lakini malipo yako yatakuwa kwa kwacha, na kwacha ikipanda, kifurushi chako kimepanda bila kampuni kuongeza kitu. Tatu, kikiharibika utampelekea nani? Mlalamikiwa wako yuko nchi nyingine. Udugu wa Wamambwe na Walungu hauna mpaka, hilo twalijua, lakini dhamana ya king'amuzi ina mpaka.

Ukinunua hapa nchini, dai risiti, na karatasi ya dhamana yenye tarehe. Zisome. Ukishindwa neno, uje nalo darasani, tutalisoma pamoja. Huduma ikiwa mbaya, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, na uandike siku uliyopiga simu na jina la aliyekujibu. Wasipokutendea haki, peleka lalamiko TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi yao ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, lakini si lazima usafiri. Barua na simu zinafika. Lalamiko lenye risiti na tarehe husikilizwa upesi kuliko lalamiko la mdomo.

Jambo la kulipa kwa simu linawahusu sana wanafunzi wetu. Kila king'amuzi kina namba yake, ndefu, yenye tarakimu nyingi, imeandikwa kwenye kadi au chini ya boksi. Ukilipa, unaiandika namba hiyo kwenye simu. Ukikosea tarakimu moja, mathalani ukaandika 6 badala ya 9, fedha yaweza kwenda kumfungulia mtu wa Tanga, nawe ukabaki gizani. Fanyeni hivi: nakili namba kwenye daftari, ukiigawa katika mafungu ya tarakimu tatu tatu. Isome kwa sauti. Mwenzako aisome kutoka kwenye kadi wakati wewe unatazama daftari. Simu ikikuonyesha namba na kiasi kabla ya kukamilisha, soma tena. Kisha ndipo uweke namba yako ya siri, kwa kidole chako mwenyewe.

Nasisitiza, kwa kidole chako mwenyewe. Wapo wazee wanaompa kijana simu pamoja na namba ya siri, kwa kuwa hawajiamini kusoma. Kijana mwema atalipa 15,000 na kurudisha simu. Asiye mwema atalipa 15,000 na kujitumia 20,000. Mama mmoja wa darasa la jioni aliniambia kwamba siku aliyolipa king'amuzi mwenyewe kwa mara ya kwanza, alikaa nusu saa akitazama ule ujumbe wa simu, si televisheni.

Imebaki habari ya umeme. Wenye umeme wa gridi hawana tabu. Wenye sola watazame nyuma ya televisheni na nyuma ya king'amuzi. Kuna kibandiko chenye namba, na mbele ya namba kuna herufi W, maana yake wati. Jumlisheni namba hizo mbili. Televisheni ya wati 20 na king'amuzi cha wati 10 ni wati 30. Mpelekeeni fundi wa sola hesabu hiyo kabla ya kununua, awaambie betri yenu itahimili saa ngapi. Wengine wamenunua televisheni kubwa ya kupendeza, ikanyonya betri, wakalala bila taa ya kusomea.

Na radi. Najua yanayosemwa kwetu Ufipa juu ya radi, kwamba iko ya Mungu na iko ya kutumwa. Sitabishana na mtu redioni. Nitasema tu kwamba zote mbili, zikifika, hutafuta njia fupi ya kwenda ardhini, na mlingoti wa chuma juu ya paa ni njia iliyo tayari. Mwambie fundi aweke waya mnene wa shaba kutoka kwenye mlingoti hadi nondo iliyochimbiwa ardhini. Kadhalika, wingu likianza kunguruma kwa mbali, zima televisheni, chomoa plagi ukutani, kisha chomoa na ule waya unaotoka kwenye dishi au antena. Wengi huchomoa plagi wakasahau waya wa dishi, radi ikapita humo. Kama tayari inapiga karibu, usiguse chochote, kaa mbali nacho. Na mtoto asitumwe juu ya paa, mvua inyeshe au isinyeshe.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwenye king'amuzi nyumbani alete darasani namba yake aliyoinakili kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, pamoja na risiti ya malipo ya mwisho kama anayo. Namba ya siri ya simu asiilete. Asiye na king'amuzi amtembelee jirani mmoja mwenye antena na mmoja mwenye dishi, aandike majibu ya maswali manne: picha hukatika lini, ulilipa kiasi gani mwaka jana, kifurushi kikiisha unaona nini, na dishi lako linatazama upande gani. Mwalimu wenu atayaandika ubaoni majibu ya kijiji kizima, mpate kuona ni sehemu zipi za Kasesya zinazoshika antena na zipi hazishiki. Juma lijalo tutasoma mkataba wa kukopeshwa pembejeo. Kwaherini.